Mama Kirezi na Namba Kumi wa Umurava

Ukitaka kujua hali ya timu ya Umurava, usiende uwanjani. Nenda kwenye baa ya maziwa ya Mukamana, pale Kabeza, Kigali, ukaangalie vikombe. Timu ikishinda, watu hunywa kikombe kimoja na kuondoka na furaha yao. Ikifungwa hukaa, wakaagiza cha pili na cha tatu, na chapati juu yake, na maneno hayaishi. Msimu uliopita Mukamana aliuza maziwa mengi kuliko alivyowahi kuuza maishani, na kila akifunga mlango moyo ulimuuma, maana yeye ndiye mwenyekiti wa mashabiki wa timu hiyo hiyo iliyokuwa ikimjazia wateja.

Watu humwita Mama Kirezi, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na alipohamia Kigali alikuja na vitu viwili ambavyo hakuna aliyeweza kumpokonya: Kiswahili kilichonyooka na ushabiki wa mpira. Mumewe, Gasana, alikulia Mbarara kule Uganda, Kiswahili chake akakiokota ukubwani, hapa na pale. Ni fundi wa majokofu, mtu mpole, mwenye kufikiri kabla ya kujibu salamu. Na kwa miaka mingi Gasana huyo ndiye aliyekuwa namba kumi wa Umurava, yule wa katikati ambaye kila mpira lazima upite kwake ndipo timu icheze.

Alikuwa mzuri. Waliomwona enzi zake hawabishani juu ya hilo. Lakini magoti ni magoti. Msimu uliopita mpira ulipomfikia aliusimamisha, akautazama kama anavyotazama jokofu la mteja, kisha akaurudisha kwa beki wake. Na kila Jumapili, kutoka pembeni ya uwanja, Mukamana alimpigia kelele zile zile: "Inua kichwa, Baba Kirezi! Mbele!" Gasana akisikia sauti ile alitabasamu, akaurudisha mpira nyuma.

Umurava wakamaliza wakiwa wameshika mkia. Sasa, ligi ile ya mitaa ina sheria yake. Msimu mpya ukikaribia, wachezaji wasio na timu husimama uwanjani Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu wakishamaliza kufyeka na kuzibua mifereji, na timu huchagua mmoja mmoja kwa zamu. Aliyeshika mkia huanza. Wa kutaja jina si nahodha wala kocha. Zamani walikuwa wao, ikawa kila mtu anamchagua shemeji yake, mpaka siku moja makoti yakavuliwa, ngumi zikarushwa. Tangu hapo jina hutajwa na mwenyekiti wa mashabiki, mbele ya mtaa mzima, na likishamtoka mdomoni halirudi.

Kwa hiyo wiki zile baa ya maziwa ilikuwa bunge. Shafiq, fundi cherehani wa duka la mkabala, alitaka kipa. Alisema mabao yanaingia nyuma na wao wanahangaikia mbele, huo ni wendawazimu. Mwalimu Épiphanie, aliyestaafu na bado anaongea kana kwamba ubao uko nyuma yake, alitaka beki mrefu, na hakukubali kuambiwa kwamba urefu hauchezi mpira. Bruce, kijana anayefanya kazi ofisini Kiyovu na kuja kunywa maziwa mgando bado amevaa tai, alimtaka Norman.

Norman alikuwa kijana wa Kanombe aliyepiga pasi bila kuutazama mguu wake. Bruce aliwaeleza pasi zile kwa mikono, akamwaga kikombe cha Shafiq, akalipia kingine, akaendelea. Siku baada ya siku walibishana, Shafiq akimwambia Bruce kwamba mpira wa kwenye simu na mpira wa Kabeza ni vitu viwili, Bruce akijibu kwamba hata kipa mwenye mikono minane angefungwa kama katikati hakuna mtu. Mwishowe hata Épiphanie alisalimu amri. "Bon," alisema, akifuta midomo. "Ni Norman."

Wakatazama vikombe vyao. Kumchukua Norman maana yake Gasana akae benchi. Kila mtu alilijua hilo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyelisema. Gasana mwenyewe alipoingia kunywa maziwa yake ya jioni, mazungumzo yalikatika ghafla, na watu wazima wakaanza kujadili mvua.

Mukamana alikuwa na shida kuliko wote. Aliipenda timu, na alijua kwamba msimu mwingine kama ule ungeiua. Alimpenda mumewe pia, na wala hakuona haya kusema hivyo. Aliogopa kwamba jina la mtu mwingine likimtoka yeye, mkewe, hadharani, kuna kitu nyumbani kwao kingevunjika na pole isingekiunga. Yeye na wenzake wa baa wakakubaliana basi amwambie mumewe mapema, wakiwa wawili tu, ili siku ikifika awe ameshameza.

Akajaribu. Mara ya kwanza ilikuwa mezani. Alianza vizuri, "Baba Kirezi, kuhusu timu," na Gasana akaweka kijiko chini, akamtazama kwa macho yake yale ya kuamini kila kitu. Mukamana akajikuta anamsifu kwamba msimu uliopita alivumilia mengi. Mara ya pili walikuwa wanatoka kanisani. Akamwambia magoti yake yanahitaji kupumzika. Gasana akakubali, akasema ndiyo maana ameanza kuyachua kwa dawa. Mara ya tatu hata kuanza hakuanza.

Na wenzake hawakuwa bora. Kila mmoja alimwonea Gasana huruma, na kila mmoja akatafuta neno tamu la kumpoza kabla ya kisu. Shafiq alimwambia kwamba Kabeza yote haijaona mguu kama wake. Épiphanie alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kumshukuru kwa aliyoifanyia timu. Bruce alimwambia, "Mzee, wewe uko lejendari." Ndivyo tulivyo hapa. Neno chungu tunalifunga kwa majani mengi kiasi kwamba anayelipokea hudhani amepewa zawadi.

Gasana akalipokea kama zawadi. Siku chache kabla ya umuganda alirudi kutoka Remera na mfuko, akautua mezani, akatoa viatu vipya vya mpira, vya njano inayoumiza macho, vyenye meno chini.

"Mama Kirezi," alisema, "mimi nilikuwa nafikiri kuacha mpira mwaka huu. Haki ya Mungu. Goti iko inauma sana. Lakini vile watu wananisifu, nitawaacha namna gani?"

Mukamana alikuwa ameshika sufuria ya maziwa yaliyochemka, na nashangaa mpaka leo kwamba haikumponyoka. Mtu alikuwa tayari kuondoka kwa amani, kwa mguu wake mwenyewe, na wao kwa huruma yao wakamrudisha. Hapo angesema. Hapo ndipo palikuwa mahali penyewe. Akasema viatu ni vizuri.

Jumamosi ikafika. Watu walifyeka, wakazibua mfereji wa barabara ya juu, wakakaa kwenye nyasi kusikiliza matangazo ya mtaa, kisha wakateremka uwanjani wakiwa bado na matope. Gasana alikuwa amebadili viatu. Alisimama mbele kabisa, njano miguuni, ameshamwekea mkewe nafasi karibu yake. Wachezaji walipanga mstari. Norman alikuwa wa mwisho, mwembamba, anaangalia chini.

Wakaita Umurava. Mukamana akasonga mbele. Wanasema alipangusa matope mikononi mpaka Shafiq akakohoa. Alimtazama mumewe, na mumewe akamtingishia kichwa kumtia moyo, kwa kuwa alidhani anaona aibu ya kuongea mbele ya watu. Mukamana, ambaye sauti yake husikika mpaka barabara ya uwanja wa ndege.

"Norman," akasema. "Namba kumi."

Lile la namba hakulazimika kulisema. Lakini alikuwa amechoka kufunga majani.

Watu wakaanza kukagua kucha zao. Ndipo mtu mmoja akapiga makofi, taratibu, na alikuwa Gasana. Alipiga mpaka wengine wakamfuata. Kisha akainama, akalegeza kamba za viatu vyake, akapanda kilima kwenda nyumbani.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya. Gasana hakugomba wala hakununa. Angegomba ingekuwa nafuu. Alikuwa na adabu. Alisema asante kwa chai, asante kwa chumvi, samahani akipita mlangoni, kana kwamba amepanga chumba kwa watu asiowajua. Viatu vya njano aliviweka juu ya kabati. Baa ya maziwa hakukanyaga. Mukamana aliuza maziwa, akawajibu wateja, na akilini mwake alikuwa anafunga mizigo ya kurudi Karagwe, ingawa mama yake huko alishafariki na nyumba iliuzwa.

Jumapili ya mechi ya kwanza Gasana alisema ana jokofu la kutengeneza. Mukamana akaenda peke yake, akakaa mahali pake pembeni ya uwanja, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. Umurava wakafungwa moja mapema. Norman alikuwa na woga. Kila akipata mpira aliusimamisha, akautazama, akaurudisha nyuma. Shafiq alikuwa ameshaanza kumuuliza Bruce kuhusu yule kipa.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza Mukamana aliposikia mtu anakaa kwenye nyasi kando yake. Alikuwa na mfuko wa vifaa vyake vya kazi. Alitazama mpira muda mrefu, magoti ameyakunja taratibu, na Mukamana hakuthubutu kugeuka.

Norman akapata mpira katikati. Upande wa kulia winga alikuwa peke yake, hana mtu, anapunga mkono. Norman akausimamisha. Akautazama.

"Inua kichwa!" Gasana alipiga kelele, na nusu ya uwanja ikageuka, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Inua kichwa! Mbele!"

Norman akainua kichwa. Pasi ikaenda, winga akakimbia nayo, na mpira ukaishia wavuni. Épiphanie akamkumbatia Shafiq, jambo ambalo wote wawili wanalikana hadi leo.

Gasana alibaki amekaa. Alikuwa anautazama uwanja kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake kwa nje.

"Kumbe kutoka hapa mtu anaona kila kitu," akasema.

"Kila kitu," alijibu Mukamana.

"Na wewe ulikuwa unaniambia."

"Kila Jumapili. Kwa sauti."

"Mimi nilifikiri hiyo iko mapenzi."

"Ilikuwa mapenzi pia, Baba Kirezi."

Akafikiri juu ya hilo, kwa kuwa ni mtu wa kufikiri. Mchezo ukaisha sare ya bao moja kwa moja, pointi yao ya kwanza tangu wakati ambao watu wameshausahau, na mashabiki wakapanda kilima wakiimba kana kwamba wamechukua kombe. Njiani Gasana alimbebea Mukamana kigoda chake, na kabla hawajafika nyumbani akamwambia, bila kumtazama, kwamba kuondolewa alikubali tangu siku ile pale pale, ndiyo maana akapiga makofi. Kilichomuuma ni kwamba mtaa mzima ulijua, na yeye ndiye alikuwa wa mwisho kujua. "Wewe usinifiche tena," alisema. "Hao wengine wanifiche, lakini si wewe." Mukamana alilia kidogo hapo barabarani, akafuta uso kwa kitenge, akaahidi.

Tangu hapo Gasana amerudi kwenye baa ya maziwa, na sasa ndiye mbishi kuliko wote. Norman humpitia jioni, wanasogeza vikombe mezani kama wachezaji, na ole wako ukihitaji kikombe chako. Kipa bado hawajampata. Shafiq hawaachi wakapumua.

Umuganda wa mwezi uliofuata ulikuwa wa kuzibua mfereji ule ule, mvua ilikuwa imenyesha, matope yanafika kwenye vifundo. Gasana akatokea na jembe begani na viatu vya njano miguuni. Akashuka mferejini. Alisema vina meno, havitelezi. Watu wakamwona, wote. Épiphanie akaangalia angani. Bruce akawa na shughuli na simu. Shafiq akamwambia, kwa upole mwingi, kwamba kazi anaifanya vizuri sana.

Mukamana akaegemea jembe lake.

"Baba Kirezi, panda utoke humo ukavue viatu hivyo. Unachekesha."

Gasana akasimama wima mferejini. Akaangalia miguu yake, akamwangalia mkewe, na tabasamu lile la uwanjani likamjaa usoni.

"Umeona?" alisema. "Haikuwa ngumu."