Mpunguzie Nguo

Asubuhi ya kumpeleka mwanangu wa pili kliniki, ametimiza wiki sita, nilimfunga mgongoni mmoja lakini nilihisi nimebeba wawili. Wa kwanza alichomwa sindano hizohizo, kwenye zahanati hiyohiyo juu ya Lushoto, miaka mitatu nyuma. Alasiri homa ikapanda, kesho yake degedege, na kabla hatujafika hospitali akakata roho mikononi mwangu. Kijiji kizima kilisema ni sindano. Mimi sikubisha.

Mama mkwe, ninayeishi naye, hata kunitazama alikataa. "Haya, nenda kammalize na huyu," alisema. Mume wangu yuko Tanga kikazi, na kwenye simu alisema nifanye ninavyoona. Asante sana, baba! Nilichokuwa naona mimi ni kaburi dogo nyuma ya migomba. Nilienda kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa ameugua kifaduro, nikamsikia akikohoa mpaka pumzi inakatika, na woga huo ukauzidi ule mwingine kidogo tu.

Nesi alikuwa yuleyule wa siku ile. Nilimwamkia shikamoo bila kumtazama usoni. Tulipomaliza kupima uzito, alisimama mbele ya benchi akatupa maelezo yake ya kila siku.

"Akipata homa, mpunguzie nguo, mnyonyeshe. Isiposhuka, au akilegea, mlete mbio. Na msimfunike! Nyie watu wa huku kwa kufunika, hamjambo."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana maneno hayo niliwahi kuyasikia nilipomleta wa kwanza, na mara ile nilicheka pia. Nilimwambia aliyekaa karibu yangu kwamba hayo ni ya watu wa Mombo, kwenye joto lao. Huku kwetu mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka jikoni, mtoto anavuliwaje nguo? Nikarudi nyumbani nikamvalisha sweta mbili na kofia ya sufu, nikamzungushia mablanketi, nikakaa naye kando ya jiko la mkaa, mlango tumeufunga. Jasho lilimtiririka, nami nikamshukuru Mungu nikidhani homa inatoka. Baadaye hakuna aliyeniuliza nilifanya nini. Wote walikuwa wanaongea habari za sindano, nami nikawaacha waongee miaka mitatu.

Zamu yetu ilipofika nilishindwa kumshika miguu, ikabidi nesi amshike mwenyewe. Akachomwa mapaja yote mawili. Alilia sana, nami nililia kumshinda.

Saa tisa alasiri homa ikaja. Nilijua itakuja, na bado ilinishtua. Nilimvua kofia, nikamvua sweta na soksi, akabaki na nepi na kishati chepesi. Nje ukungu ulikuwa umeshafunika mashamba yote ya kabichi. Mama mkwe akaingia.

"Una wazimu wewe? Mtoto wa watu atakufa kwa baridi!"

Akavuta blanketi kitandani. Nikamnyang'anya, nikalitupa sakafuni. Tangu niolewe sijawahi kumnyang'anya mkwe wangu kitu. Akarudi kwenye lugha yetu ya Kishambaa akanisema yote, ya ukoo wangu na ya shule iliyoniharibu. Nilimweka mtoto titini, macho yangu kwenye kifua chake, nikihesabu pumzi. Mara mbili niliona uso wa kaka yake. Nilikuwa na hofu ambayo sitaki hata kuielezea.

Alinyonya. Akalala, akaamka, akanyonya tena. Kabla ya magharibi shingo yake ilikuwa imepoa, akanikodolea macho kama mtu aliyeamka mahali asipopajua. Mama mkwe naye akamgusa shingoni, akamgusa tena, kisha akakaa kitandani.

"Huyu amepona," alisema. "Yule ilikuwa sindano."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshazoea kunyamaza.

"Haikuwa sindano, mama. Nilimfunika mimi."

Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitisha. Aliliangalia blanketi pale sakafuni nilipolitupa.

"Wewe ulisema mablanketi yanatosha," alisema taratibu. "Ukasinzia. Lile zito nilimwongezea mimi."