Udongo Shingoni

Juzi jirani yangu alikuwa akikandika nyumba, na ile harufu ya udongo uliolowa pamoja na nyasi kavu ikanirudisha Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, enzi za Mdachi, baba alipokuwa akitujengea nyumba.

Mimi ndiye niliyekanyaga udongo. Miguu iliniuma, wala hakuna aliyenipa pole. Lakini kila kazi ilipokolea, baba alinawa mikono, akachukua ndagala wazuri kuliko wote, akapanda mtumbwi kwenda kambi ya daktari Mdachi, kumtazama shangazi, dada yake.

"Anafanya nini huko?" niliuliza.

"Iko nalala tu, mama," baba akanijibu; ndivyo alivyozoea kuniita mimi bintiye.

Analala tu! Wivu ulinikaba. Kumbe anayelala mchana kutwa ndiye anayepelekewa samaki?

Alasiri moja baba alipoanza tena kunawa, nikajilaza kando ya shimo la udongo, nikafumba macho. Akaniita. Nikazidi kuyafumba. Nikasikia mtungi ukianguka na kuvunjika, kisha vidole vyake vyenye udongo vikanipapasa nyuma ya shingo, polepole, huku na huku.

"Amka, mama. Amka, mutoto wangu."

Leo najua kwamba malale, ugonjwa uliomlaza shangazi kambini, huleta vivimbe nyuma ya shingo, na vidole vile vilikuwa vikivitafuta. Siku ile nilidhani ananibembeleza. Mtumbwi ulibaki mchangani, na ndagala wa shangazi wakabaki kapuni. Nikatabasamu moyoni, macho nimeyafumba: leo nimemshinda.