Barua Nilizozitupa Zilimtaja Mchumba Wangu

Admin, nifichie jina na kabila langu, mengine yaache kama nilivyoyaandika. Mimi ni mama wa miaka sabini na mbili, naishi Iringa na mume wangu. Tuna watoto wanne, wote wana kwao. Huwa nasoma visa vya wenzangu hapa kila jioni, sikuwahi kufikiri na mimi nitaleta cha kwangu.

Wiki mbili zilizopita binti yetu anayefanya kazi za kompyuta Mbeya alikuja kutusalimia, kazi yake kaibeba. Alikuwa anaweka kwenye barua pepe za ofisi yao kitu cha kuhakiki anuani. Alinieleza hivi: barua ikiingia, kile kitu kinaangalia kama anuani ya aliyetuma ipo kweli. Kama haipo, barua inakwenda kwenye taka, bosi haioni. Nikamuuliza, "Na nani anakiambia ipi ipo na ipi haipo?" Kabla hajajibu, baba yake akacheka pale kwenye kochi. Akasema, "Mama yako alishaifanya kazi hiyo kabla hujazaliwa. Tena kwa mkono."

Nilitoka nje nikatapika. Wakadhani ni presha. Nilichotapika ni kile kicheko, maana nilijua kuwa anakumbuka kila kitu.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa karani wa masjala kwenye ofisi moja ya mazao pale Mbeya. Barua zilikuja kwa gunia na nyingi zilikuwa takataka: za fitina zisizo na jina, matangazo ya dawa za mapenzi, na zile za mnyororo zinazokutaka uzinakili mara ishirini la sivyo utapata mkosi. Mkuu wetu alichoka, akaniambia nitafute njia ya kuzichuja. Nikatengeneza sanduku la kadi, kila kijiji na kadi yake na anuani yake ya posta. Barua ambayo anuani ya mwandishi haimo kwenye kadi haisomwi. Majina ya vijiji waliniletea watunza maghala wa kila eneo. Orodha ya upande wa Chimala aliiandika mchumba wangu, ndiye aliyetunza ghala la mpunga huko. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Mkuu alinisifia mbele ya watu wote, nikajiona nimefika.

Barua zilizokataliwa mhudumu alizichana na kuzitundika kwenye msumari chooni, kwa sababu karatasi za chooni zilikuwa hazipatikani. Siku moja nimechuchumaa mle nikavuta karatasi, nikaona maandishi ya penseli, juu yake jina la kijiji na anuani ya posta ya Chimala. "Sisi akina mama wa kijiji kipya huku bondeni tunaandika mara ya saba. Mtunza ghala hapimi mpunga wa mwanamke aliyekuja peke yake mpaka aingie naye ndani kwenye magunia. Mwenzetu alikataa, mpunga wake ukaozea nje kwenye mvua." Kipande cha chini kilikuwa kimeshachanwa na kutumika. Nilijua kilipo. Kilikuwa shimoni, chini yangu.

Niliangalia kwenye kadi, kijiji hicho hakikuwemo. Jumamosi nikapanda basi mpaka Chimala, sikwenda kwanza kwa mchumba. Niliulizia njia nikatembea mpaka kijijini, wakanielekeza nyumba ya mama aliyeandika, Msukuma mmoja, wakimwita Mama Kulwa. Alinipa kigoda, akaniangalia viatu, akasema, "Dada umetoka ofisi ya Mbeya. Basi barua zetu zimefika."

Nikamjibu, "Zimefika."

Alifurahi mpaka akanifungia mchele kwenye kitambaa. Nikaupokea.

Kutoka hapo nilikwenda ghalani. Mchumba wangu alikuwa anakula, akanisogezea sahani. Nikamuuliza kwa nini kile kijiji hakukiandika. Hakushtuka, aliendelea kutafuna.

"Wale wamekuja juzi na ng'ombe wao," akasema. "Unaamini watu wasio na hata anuani?"

"Anuani yao ulikuwa unaijua."

"Na kadi uliandika wewe," akasema, akaniwekea kipande cha nyama upande wangu.

Nikakila. Mpaka leo najichukia kwa kile kipande cha nyama kuliko mambo mengi makubwa niliyowahi kukosea.

Niliporudi Mbeya niliandika kadi ya kijiji kile. Barua ya nane ikapita, mkuu akaisoma. Mchumba akahamishiwa Iringa kwenye ghala kubwa zaidi, ikaishia hapo. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, na ng'ombe wa mahari wako zizini kwa baba yangu. Nikamfuata. Miaka yote hii akiniwekea mkono begani nasikia harufu ya magunia, nasogea taratibu asijue. Nimejizoeza kulala nikitazama ukuta.

Sasa yeye ni mzee wa kanisa, sukari inamsumbua, na wajukuu wanampenda. Mwezi wa nane tunatimiza miaka hamsini ya ndoa. Watoto wameshashona sare. Mchungaji ameniambia nitasimama mbele ya watu nitoe ushuhuda wa uaminifu wa mume wangu, na binti yetu ananisumbua nimpe maneno ayapige chapa mapema. Nikimtazama mzee wangu anavyojaribu koti lake jipya kwenye kioo, kinyaa kinanipanda, halafu nakumbuka kuwa sanduku la kadi lilikuwa la kwangu.

Nikiyasema nitawavunja watoto ambao hawana kosa. Nikimsifu nitakuwa nimewatupa wale akina mama mara ya tisa. Labda wewe unayesoma hapa ulizaliwa bonde lile, na mama yako ni mmoja wao. Wewe ndiye ninayekuomba zaidi uniambie: siku hiyo nikipewa kipaza sauti, niseme nini?