Mitende Iliyovimbiwa

Pale ofisini walimwita Mama Mbolea, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kazi yake ilikuwa kutunza mitende minane ya mapambo iliyosimama katika vyungu vikubwa kwenye ukumbi wa mapokezi, na juu ya mitende hiyo hakuwa na masihara hata kidogo. Ole wako umwagie chungu chai iliyopoa! Ungesemwa mpaka ukatamani ardhi ipasuke uingie.

Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuamini mtu. Basi binti yake alipojifungua, ikambidi achukue likizo ya mwezi mzima akamlee mzazi, na hapo ndipo akaumiza kichwa. Amwachie nani mitende? Dada wa mapokezi? Msahaulifu. Mlinzi? Mvivu. Dereva? Ah, huyo hata kamba za viatu vyake hufungwa na mkewe. Akaamua kumwambia kila mmoja pale ofisini peke yake, kwa kunong'ona: "Jumatatu ya pili, kijiko kimoja cha mbolea kila chungu, kisha maji. Usimwambie mtu. Ninayekuamini ni wewe tu." Alijua katika wote hao hatakosekana mmoja atakayekumbuka.

Aliporudi alishika kichwa. Ncha za majani zilikuwa za kahawia, kama zimebabuliwa na moto, na juu ya udongo kulikuwa na ukoko mweupe. Barua ya meneja nayo ilikuwa inamsubiri: mwezi ukiisha mitende ikiwa bado hivyo, italetwa ya plastiki. Na nani huajiriwa kulisha plastiki?

"Nani ameiua mitende yangu?" alimfokea dada wa mapokezi.

"Mama, mimi nimefuata ulivyoniagiza. Kijiko kimoja, Jumatatu ya pili."

Mlinzi akachungulia mlangoni. "Kijiko gani tena? Si nilitia mimi, asubuhi na mapema?"

"Hebu subirini," dereva akadakia. "Mimi nilitia mchana. Niliambiwa ni siri!"

Mfagiaji alikuwa ametia jioni.

Mama Mbolea akakwangua ule ukoko kwa ukucha. Chumvi ya mbolea. Haikuwa njaa wala ugonjwa. Mitende ilikuwa imevimbiwa.

"Kumbe ulituambia wote," dada wa mapokezi alisema polepole. "Na nilivyojivuna, Mama! Nilijua unayemwamini ni mimi tu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko barua ya meneja. Kufoka alikuwa amezoea, kuomba radhi hakujui, lakini alipiga moyo konde. "Kosa ni langu, wanangu. Niliwaambia wote kwa sababu sikumwamini hata mmoja. Na nyote mlikumbuka."

Dereva akakunja mikono ya shati, akashika chungu cha kwanza. Wakavitoa vyote hadi uani, wakaondoa ukoko, wakamimina maji taratibu mpaka yakachuruzika kwenye matundu ya chini, wakangoja, wakamimina tena. Meneja akawakuta hapo, na Mama Mbolea akamweleza yote bila kuficha. Meneja akajikuna shingo.

"Hata mimi uliniambia, Mama. Pale kwenye ngazi." Akashusha sauti. "Mimi nilitia viwili viwili. Nilisema, meneja mzima nitie kijiko kimoja kama mlinzi?"

Wee! Walicheka mpaka mfagiaji akaketi chini. Habari ya plastiki haikutajwa tena.

Miezi mitatu mitende haikuonja mbolea hata chembe, na kila mmoja ukachomoza jani jipya la kijani. Siku ya kuilisha tena ilipofika, Mama Mbolea alimwita dada wa mapokezi, akamkabidhi kopo la mbolea mbele ya watu wote, akaenda zake jikoni kunywa chai. Miguu ilimwasha arudi kuchungulia. Hakurudi.