Maji Niliyoyatoa Kwenye Kopa Salfeti

Mimi sijui kuomba msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya. Ubishi huo nilianza nao kidato cha pili, katika shule ya mseto upande wa Kiptere, miaka ya sabini ikianza.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa ametangaza kwamba msichana atakayekosa nusu ya alama katika mtihani wa moli, kile kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kitu, ataondoka darasani mwake, akajifunze kupika na kushona. Wavulana hawakutishiwa jiko. Mimi nilipungukiwa na alama mbili tu, na swali la alama nne lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu.

Tuliulizwa gramu ishirini na tano za fuwele za buluu za kopa salfeti ni moli ngapi. Fuwele hizo zina maji ndani yake. Wenzangu walijumlisha uzito wa atomu zote, za maji zikiwemo, wakapata 250, wakagawanya ishirini na tano kwa hiyo. Mimi nilitoa maji kwanza. Mama alikuwa mchumaji wa chai, na tangu utotoni nilisimama naye kwenye kibanda cha mizani, karani akikata uzito wa kapu na wa mvua iliyolowesha majani. Kwetu maji hayakuhesabiwa kamwe. Basi nikatoa gramu tisa za maji, zikabaki kumi na sita, nikagawanya kwa 160, uzito wa kopa salfeti kavu.

Jibu likawa lile lile la wenzangu, sehemu moja ya kumi ya moli.

Karatasi ziliporudishwa nilisimama na yangu. "Mwalimu, nionyeshe penye nimekosea."

"Hiyo njia sijafundisha. Hapa si kwa mizani ya majani."

"Lakini jibu ni moja."

"Toka nje!"

Sikutoka. Hasira ilinizidi. Nilikwenda ubaoni, nikachukua chaki bila ruhusa, nikaandika njia yake upande mmoja na yangu upande wa pili. Kisha nikampa kifutio.

"Mwalimu, futa ile iko na makosa."

Alikishika kile kifutio muda mrefu, akizitazama hesabu mbili, shingo imemvimba. Mwishowe alizifuta zote, akaamuru tufungue ukurasa unaofuata. Alama hakunipa. Nilirudi kwenye dawati langu, nikaufungua ukurasa huo pamoja na wavulana, na mpaka mwaka unaisha hakuthubutu kunitoa.