Gauni la Mama na Mkasi Wangu

Hii siipendi kuisimulia, na nikiisimulia huwa naruka sehemu ya kifungo, lakini kwa kuwa leo mdogo wangu Furaha hayupo wa kunisahihisha, nitawaambia yote: mimi, fundi cherehani wa mtaa wa Bertrams huku ugenini, miaka ishirini kwenye mashine, nilimkwamisha mtoto wake ndani ya gauni la ubatizo mbele ya kanisa zima.

Gauni halikuwa la dukani. Furaha ana tabia ya kutunza vitu. Ukiingia kwake unakuta ukutani kisanduku cha kioo chenye kitana cha marehemu mama, picha yake iliyozungushiwa lesi, na nywele zake kidogo zilizofungwa utepe (nilikuwa nikimtania kwamba amefungua makumbusho). Mwaka 2016 alipojifungua Joshua, akaniwekea mezani gauni la harusi la mama, nguo yake pekee tuliyotoka nayo Bukavu, akasema nilikate nimshonee mtoto la ubatizo, refu, la kizamani kama yale ya kwenye picha za mabibi, shingo ndogo na mikono myembamba.

Nilimpima Joshua akiwa na miezi miwili. Kisha padri akasema wazazi wamalize kwanza mafundisho, na mafundisho yakajivuta hadi mtoto akafikisha miezi saba, anakula uji na siagi ya karanga, mashavu yamemwagika. Furaha akaniomba nimjaribishie. Nikakataa, kwa sababu nyumbani kwetu nguo ya ubatizo haivaliwi kabla ya maji, mama wa ubatizo ndiye humvisha mtoto palepale altareni. Lakini hata kumpima upya sikumpima (na hapa ndipo penyewe), niliona ni kumtukana fundi. Nikamwambia jicho langu ni futi.

Siku ikafika, kanisani Kensington, mtaa wa jirani, maji yakamwagwa vizuri, Joshua hakulia, nami niko benchi la pili nimetanua kifua nikisubiri watu waone kazi. Mama wa ubatizo akaingiza kichwa, kikaingia nusu, akavuta, mikono ikabaki juu kama ya mtu aliyesimamishwa na polisi, na humo ndani ya lesi kikaanza kilio. Padri akasubiri. Kwaya ikarudia ubeti, ikaurudia tena. Nikaenda mbele (futi ingali shingoni, nilisahau kuivua tangu asubuhi), nikasema ni kidogo tu, nikavuta, kifungo cha lulu kikaruka, kikagonga beseni la ubatizo, kikaanguka na kubiringika, na kanisa zima likakifuata kwa macho hadi kilipotulia kwenye kiatu cha padri. Mzee mmoja wa nyuma akasema "eish" kwa upole, kama wanavyoguna wenyeji wa huku, ikasikika hadi altareni.

Mkasi huwa nao mfukoni siku zote. Nikaushika, mkono ukakataa. Ile ilikuwa nguo ya mama, na hatukuwa na nyingine. Furaha akanisogelea, nikadhani anakuja kuninyang'anya.

"Kata, Yaya," akasema (sisi Wakongo kaka mkubwa tunamwita hivyo). "Mama asingemwacha mtoto alie kwa ajili ya kitambaa."

Nikakata mgongoni, toka shingoni hadi kiunoni, nikilia kuliko mtoto. Joshua akatokeza kichwa, akanitazama, akashika futi yangu akaitia mdomoni, na watu wakapiga makofi. Furaha akavua kilemba chake akamfunga nacho ili mgongo usionekane. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuwa mpwa.

Tangu siku hiyo nimeapa: mtoto akiletwa kwangu nampima, juma la ubatizo nampima tena, na akiwa amelala nasubiri aamke. Jicho langu limestaafu.

Gauni nilitaka kuliziba wiki ileile, Furaha akakataa, basi nikashona tepe pande mbili ili lifungwe kwa unene wowote, na mwaka jana mtoto wake wa pili, wa kike, alilivaa bila kelele. Mstari wa mkasi umepinda kwa sababu nilikata huku nikilia. Kila nikilikunja, ufundi unaniwasha niunyooshe, na kila mara Furaha hunipiga mkono.

"Uache hivyo, Yaya. Hapo ndipo watoto wanapoingilia."