Kamera Isiyovuta

Miaka ile ya tisini, maduka ya Mwanza yalipojaa vitu ghafla, nilijiona mjuzi wa kila kilichokaa nyuma ya kioo. Nilikuwa karani, naishi Mkuyuni, na nilikuwa natafuta kamera ya safari. Mama yangu alikuwa Ukerewe, umri umekwenda, na hapakuwa na picha yake hata moja duniani. Nilitaka kumpiga picha mwenyewe, nyumbani kwake, na njiani nipige ziwa, mawe na wale ndege weusi, mnandi, wakikausha mabawa.

Wiki tatu nilizunguka madukani. Nilitaka kamera ndogo ya kuingia kwenye mkoba, inayotumia betri za kawaida, yenye flashi ya kupigia ndani na inayofaa juani pia. Mwenye duka mmoja, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini na kukijua Kisukuma kunishinda, aliniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa nyembamba kama kipande cha sabuni. Ya pili ilikuwa nene kidogo, na ukibonyeza kitufe lenzi inachomoza.

"Chukua hii, dada, inavuta," alisema. "Mtu yuko kule, wewe unamleta hapa."

"Mzee, mimi siwindi. Mama yangu hatanikimbia."

Alicheka, mimi nikacheka zaidi. Nilimshuku anataka kunisukumia iliyomdodea. Nikachukua nyembamba, na kwenye meli ya kwenda Nansio nikaitoa, nikapiga mawe na ndege, nikairudisha mkobani mara nyingi kuliko ilivyohitajika, ili abiria waione. Tabia mbaya hiyo ninayo hadi leo. Nilipofika kwa mama, filamu ilikuwa imebaki picha sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndicho hicho kidude chenyewe?"

Akaingia kuoga. Alitoka na gauni la kanisani, kilemba, na viatu vyeusi alivyovipaka mafuta ya kupikia ving'ae. Kwetu picha ni mtu mzima, toka kilemba mpaka viatu. Kumkata mtu miguu ni kumvunjia heshima. Nilipomsogelea, akaninyooshea mkono.

"Rudi nyuma. Viatu vinaonekana?"

"Vinaonekana, mama. Lakini nataka na sura."

"Sura peke yake ni ya kitambulisho. Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mihogo. Amesimama wima, hatabasamu, mikono imebana mapajani. Zote sita nikazipiga hivyo hivyo. Jioni alikaa mkekani akichambua dagaa, khanga kuukuu begani, akinisimulia ugomvi wa majirani na kucheka mpaka machozi, uso wake karibu kabisa na wangu. Niliitazama kamera. Filamu ilikuwa imeishia kwa ndege.

Alifariki kwa homa masika yaliyofuata, kabla sijarudi. Ndugu wote waliniangalia mimi, mwenye kamera, maana walitaka picha ya kuweka juu ya jeneza. Nilikimbilia studio mjini. Fundi alikuza picha moja, akakuza tena, kisha akanisogezea bila kunitazama. Palipokuwa na sura palikuwa na madoa, mawili ya macho na moja la mdomo.

"Dada, mwisho wangu ni hapo. Uso wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya mchele."

Kaka yangu aliigeuza huku na huku. "Huyu anaweza kuwa mama wa mtu yeyote," alisema, akanirudishia. Jeneza likaenda bila picha.

Simlaumu mama. Ile kamera nene ingeniacha nisimame mihogoni, kwa utii wote, na bado nimlete karibu bila yeye kujua. Nilijichukia siku ile, na sijamaliza kujichukia.

Watoto wangu huniuliza bibi yao alikuwaje. Zamani niliwaeleza vizuri: pengo la mbele, nyusi nyembamba, kovu la shavuni alilolipata utotoni. Juzi mdogo wao aliuliza kovu lilikuwa kwenye shavu lipi. Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui.